Taa Hazisemi Uongo: Magari ya Kale ya Marekani katika Filamu

Katika miji ya Kisii na Nyamira, ambako Toyota Probox ndiyo ichukuayo abiria, ndizi na maziwa tangu alfajiri hata usiku, vijana wengi huweza kukwambia, kwa kutazama uso wa gari tu, kama ni la toleo la 2002 ama la lile lililogeuzwa sura mwaka 2014. Walakini vijana hao hao, wakiketi katika kibanda cha video kumsikiliza DJ Afro akisimulia filamu, huliona gari refu la Kimarekani likipita nao wasijue la kusema. Wala si ajabu, kwani Kenya, ambayo magari yake yana usukani wa kulia, haikubali kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka 8. Hata zamani magari ya Kimarekani yalikuwa wageni adimu: Ford ilipoleta Mercury Comet 6 katika mashindano ya magari ya Safari ya mwaka 1964, 2 tu ndizo zilizomaliza, ilhali ushindi ulichukuliwa na Ford Cortina iliyoundwa Uingereza.

Mwenye kutaka maarifa ya kuyatambua magari hayo na miaka yake asiutegemee ubao wa jina. Katika Bullitt, filamu ya mwaka 1968, Ford Mustang ya kijani aliyoiendesha Steve McQueen iling'olewa jina na sanamu ya farasi kabla ya kupigwa picha. Wala rangi si ithibati: Plymouth Fury ya 1958 iliyo katika filamu ya Christine ni nyekundu, hali ya kuwa kiwandani Fury ya mwaka huo ilitoka kwa rangi ya maziwa iliyotiwa mapambo ya dhahabu, na baadhi ya magari yaliyotumiwa yalikuwa Plymouth za aina nyingine.

Shahidi mwaminifu ni taa, kwa kuwa taa hutii sheria, na sheria ina tarehe. Tangu 1940 hata 1974 taa kubwa za mbele za magari ya Marekani zilikuwa za mviringo. Zile za pembe nne zilianza kuonekana katika magari ya 1975. Kwa idadi, hadi katikati ya miaka ya 1950 taa hizo za mbele zilikuwa mbili, lakini kufikia 1958 magari mengi yalikuwa na nne. Kisha, kuanzia Januari 1968, serikali iliamuru kila gari liwe na taa au rifleta ubavuni, za manjano mbele na nyekundu nyuma. Kwa hiyo Mustang ya 1967 na ya 1968, zifananazo kama pacha, hutenganishwa na alama hiyo ndogo.

Baada ya taa, tazama nyuma. Mapezi, yale yainukayo pande mbili za mkia wa gari, yalianza katika Cadillac ya 1948, kwa kuiga mkia wa ndege ya kivita, yakazidi kupanda hata yakafikia kilele mwaka 1959, kila pezi likibeba taa mbili nyekundu zilizochongoka mfano wa risasi. Mustang nayo hujulikana kwa taa tatu zilizosimama wima kila upande.

Basi isimamishe filamu gari linapoonyesha ubavu, uanze na taa, kisha mapezi, na jina uliache mwisho. Na kama hadithi yadai kuwa ni ya mwaka 1965, ilhali gari lina taa za ubavuni, aliyekosea ni mtengenezaji wa filamu, si wewe.