Hesabu Pumzi Dakika Nzima

Kuna safu moja kwenye chati ya mgonjwa inayomsema muuguzi mgeni kabla hajafungua mdomo. Si ya joto, maana joto analisoma kwenye kipimajoto. Si ya presha, maana mashine inamwandikia namba. Ni safu ya upumuaji. Ipitie kitanda kwa kitanda: 20, 20, 20, 20. Mzee mwenye pumu, mama aliyejifungua usiku wa jana, kijana aliyevunjika paja, wote wanapumua mara 20 kwa dakika. Wodi ya namna hiyo haijawahi kuwapo. Aliyeijaza chati hakuhesabu, alikisia. Kuhesabu kungemtaka asimame mahali pamoja dakika nzima, na wodi imejaa.

Mwaka wa kwanza wa muuguzi umefungwa ndani ya kosa hilo dogo.

Njia ya kufika wodini ina hatua zake. Wa stashahada husoma miaka mitatu. Wa shahada husoma minne, kisha hutumikia mwaka mmoja wa utarajali. Juu ya hayo kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalosajili na kutoa leseni chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Lakini leseni inamruhusu mtu kumgusa mgonjwa. Haimfundishi kumwona.

Kumwona mgonjwa hufundishwa wodini, na hapo ndipo swali la hospitali ya kufundishia linapoingia. Tukilitaja jina hilo, wengi huwaza Muhimbili, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza, hospitali zilizopakana na vyuo vikuu. Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, haina hospitali ya ukubwa huo. Ina hospitali ya wilaya mjini Kilosa, mji wenye chuo cha maafisa tabibu. Ina Berega, hospitali ya misheni ya Kianglikana yenye chuo chake cha uuguzi. Na pale Mikumi, mji wa barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, ipo hospitali ya Mtakatifu Kizito ya Kanisa Katoliki. Mtu anaweza kujifunza sana katika hospitali za aina hii, na anaweza vilevile asijifunze kitu katika jengo la ghorofa kumi. Kinachoamua ni kama yupo mkubwa anayesimama nyuma ya mgeni na kumwuliza, “Mdogo wangu, hii 20 umeipataje?”

Mkubwa huyo hang’ang’anii namba bure. Upumuaji mara nyingi hubadilika mapema, kabla vipimo vingine havijaanza kulalamika. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Kwa mtoto mwenye kikohozi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hugawa kwa umri: chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za haraka; kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50; kuanzia mwaka hadi miaka mitano, 40. Kwa hiyo mtoto wa miezi kumi anayepumua mara 54 anahesabiwa kuwa huenda ana nimonia. Muuguzi aliyehesabu nusu dakika, akakosea pumzi mbili na kuzidisha kwa mbili, ameongeza au amepunguza pumzi nne. Pumzi nne zinatosha kumrudisha nyumbani mtoto aliyestahili dawa.

Hesabu yenyewe ina adabu yake. Katika wilaya yenye Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na Wamasai, huendi moja kwa moja kushika mkono wa mzee. Unaanza na shikamoo, unauliza ameamkaje, unasubiri ajibu. Salamu hiyo ni kipimo pia: anayemaliza sentensi bila kuhema ni tofauti na anayekatiza kila maneno mawili. Kisha unanyamaza, maana pumzi za anayezungumza hazihesabiki. Unashika kifundo cha mkono kupima mapigo, na ukimaliza huuachii. Mkono unabaki palepale, macho yanahamia kifuani. Mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa, huzibadilisha bila kutaka. Mtoto ahesabiwe akiwa ametulia mapajani kwa mama yake, nguo ikiwa imefunuliwa kidogo tumbo lionekane. Akilia, subiri.

Chukua sasa mfano wa Mikumi. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi ya taifa kwa takriban kilomita 50, na juu yake hupita mabasi, malori ya mizigo na wanyama. Tuseme analetwa kijana kutoka kwenye ajali. Anaongea, presha yake ni 110 kwa 70, na muuguzi mgeni anafarijika. Lakini pumzi ni 24. Baada ya nusu saa ni 28, kisha 32, na presha bado inapendeza. Mwili wa kijana ni hodari wa kuficha: ukivuja damu ndani, hubana mishipa na kuuharakisha moyo ili presha isishuke. Mtu mzima anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake, kama lita moja na nusu, kabla kipimo cha presha hakijasema kweli. Aliyeandika 20 mara tatu ataambiwa mgonjwa “amebadilika ghafla”. Hakubadilika ghafla. Alikuwa akisema tangu mwanzo.

Wodi ya wazazi ina dakika yake pia. Mama mwenye kifafa cha mimba huchomwa magneziamu salfeti, dawa inayookoa maisha lakini ikizidi hulegeza misuli hadi ile ya kupumulia. Kwa hiyo kabla ya kila dozi inayofuata, muuguzi huhakikisha mambo matatu: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti likigongwa linaruka, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Hapo 20 ya kukisia si uzembe wa karatasi tena.

Hospitali iliyo mbali na rufaa haina nafasi ya kuchelewa kugundua. Kutoka Mikumi hadi hospitali ya rufaa ya mkoa pale Morogoro ni zaidi ya kilomita 100. Kilosa nayo inajua mvua ni nini. Mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalihamisha watu na kuharibu reli. Gari la wagonjwa haliruki maji. Dakika aliyoibania muuguzi kitandani huja kudaiwa barabarani.

Ukishahesabu, sema. Wengi hukwama hapa. Mgeni ameona 32, lakini ni saa tisa usiku, tabibu wa zamu amelala, na yeye anaogopa kuonekana hajui. Wahenga walishasema kuuliza si ujinga, ila hofu haiondoki kwa methali, huondoka kwa kumpa mtu maneno. Nyambizi za jeshi la wanamaji la Marekani zilitumia utaratibu wa kutoa taarifa kwa hatua nne, na hospitali zikaurithi: kinachotokea sasa, historia fupi, unavyoona wewe, unachoomba. “Dokta, kijana wa ajali, kitanda cha tatu, pumzi zimetoka 24 hadi 32. Aliingia saa sita na maumivu ya tumbo. Nahofia anavuja ndani. Naomba uje sasa.” Linganisha na “Dokta, yule mgonjwa hali yake si nzuri.” La kwanza linamwamsha mtu. La pili linamfanya ajibu, “Endelea kumwangalia.”

Kupaza sauti kunamhusu muuguzi mwenyewe pia. Akijichoma na sindano iliyotumika kwa mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa VVU ni takriban watu watatu kwa kila elfu moja. Dawa za kinga zipo, huanzwa haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72, na humezwa siku 28. Anayeficha kwa aibu ndiye anayezikosa.

Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi na msomi wa Marekani, aliandika kuwa muuguzi hupita hatua tano, kutoka ugeni hadi ubingwa, na kwamba kushika kazi vizuri huchukua miaka miwili au mitatu mahali pamoja. Nesi mkongwe anayeingia wodini na kusema “yule wa dirishani simpendi leo” hana uchawi. Amehesabu pumzi nyingi mno hata macho yake yanahesabu yenyewe. Mgeni hawezi kumwiga kwa kuanzia mwisho.

Nawe msomaji una sehemu yako. Siku ukiwa umekaa kando ya kitanda cha mama yako, akaja binti mgeni mwenye saa kifuani, akashika mkono wa mgonjwa kisha akanyamaza huku akikikodolea macho kifua, usimwulize chakula kinaletwa saa ngapi. Mwachie dakika yake.