Mwenye Pikipiki Mpya Avae Nini?

Kila msimu wa karafuu unapomalizika, na fedha za vituoni zikishapokewa, huonekana pikipiki mpya katika njia zetu za Pemba. Wengine huziita honda, wengine huziita vespa hata kama si Vespa. Jina si kitu. Sisi hatuna ugomvi nazo. Mwanachama anayekaa Wete na shamba lake liko Mtambwe alikuwa akipoteza nusu ya asubuhi kwa kungojea gari, na sasa hufika kabla ya umande kukauka. Tunalotaka kulisema ni jambo jengine. Mtu hutoa fedha nyingi akanunua chombo, akakata leseni, akajaza mafuta, kisha akakipanda kwa kandambili, fulana na kofia ya kitambaa. Wanachama kadhaa ambao ndio kwanza waanze kupanda kila siku wametuuliza wavae nini na waanze na kipi, kwa kuwa si kila mtu awezaye kununua vyote kwa mara moja. Tumeona bora tuwajibu hapa wote pamoja.

Kuna msemo kwamba ajali haina kinga, na wako wanaoutoa kila wanapotajiwa helmeti. Ajali huenda haina kinga, lakini kichwa kinayo, na inauzwa dukani.

Kwanza yafaa tuelewane ni kitu gani kinachomdhuru mtu anapoanguka. Ni mambo mawili, nayo ni mbalimbali: pigo na msuguo. Chukua mwendo wa kilomita 48 kwa saa. Huo si mwendo wa mashindano, ni wa mtu aendaye zake shamba. Lakini ukikutana na shina la mnazi kwa mwendo huo, pigo lake ni sawasawa na la mtu aliyeanguka kutoka mita 9 juu, yaani futi 30. Mchumaji wa karafuu hana haja ya kufasiriwa mita 9 juu ya mkarafuu ni wapi. Na hata pikipiki ikiwa imesimama, ikalala na mtu wake, kichwa kinachotoka mita 1 na nusu hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Hilo ndilo pigo, na dawa yake ni kitu chenye unene wa kulipokea. Msuguo ni pale mtu anapoburuzwa juu ya lami au kokoto, na dawa yake ni ngozi au kitambaa kigumu kisichotoboka upesi. Nguo ya kuzuia msuguo yaweza isizuie pigo hata kidogo, na anayelijua hili hatababaishwa na muuza duka.

Wengine hudhani khatari iko katika safari ndefu na mwendo wa kasi. Huko Los Angeles, Marekani, wataalamu wa chuo kikuu wakiongozwa na Harry Hurt walikwenda wenyewe kwenye ajali 900 za pikipiki wakazichungua papo hapo, na taarifa yao ikatoka mwaka 1981. Waliona kwamba nusu ya wapandaji hawakuwa wakizidi kilomita 48 kwa saa kabla ya balaa kutokea, na wakati wa kugongana hasa mwendo ulikuwa umeshuka hadi kiasi cha 35. Tena ajali nyingi zilikuwa katika safari fupi, za dukani au za kumtembelea rafiki, karibu na pale mtu alipotoka. Nchi ile si kama yetu, lakini safari fupi za kila siku ndizo zetu hasa. Nasi tuna yetu yasiyokuwako Los Angeles: wakati wa msimu karafuu huanikwa kandokando ya lami, na punje zikitapanyika njiani huwa kama gololi chini ya tairi.

Basi cha kwanza ni helmeti, na kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, kiwe hicho. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, yule Muingereza aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki Uingereza akafa baada ya siku chache kwa jeraha la kichwa. Mmoja katika madaktari waliomuangalia, Hugh Cairns, hakulisahau jambo lile. Alichunguza askari wapeleka barua waliokuwa wakianguka na pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha aliyoyaona juu ya faida ya helmeti. Khabari hiyo imekuja kuthibitishwa mara nyingi. Mwaka 2008 zilikusanywa tafiti 61 za nchi mbalimbali, ikaonekana kwamba helmeti humpunguzia aliyepata ajali uwezekano wa kufa kwa kiasi cha 42 katika mia, na wa kuumia kichwa kwa kiasi cha 69 katika mia.

Kazi hiyo haifanywi na ganda la nje linalong'aa. Hufanywa na lile povu gumu jeupe lililo ndani, la jinsi ile ile inayofungiwa televisheni katika boksi. Kichwa kinapopigwa povu hubonyea, na katika kubonyea huko hulila pigo badala ya ubongo. Likishabonyea halirudi. Kwa hiyo helmeti iliyopata ajali imekwisha kazi yake hata kama ganda lake halina mkwaruzo, na kwa sababu hiyo hatumshauri mtu yeyote kununua helmeti ya mtumba. Koti la mtumba sawa, tutalisema mbele. Helmeti hapana, kwani hujui imepita wapi. Hata isiyoanguka hufaa kubadilishwa baada ya miaka 5 hivi, maana jasho na jua huidhoofisha. Wala isisafishwe kwa petroli au tina, wala isiachwe juu ya tangi la mafuta. Povu lile huliwa na petroli. Maji na sabuni vyatosha.

Mtu ataijuaje njema? Aangalie utepe wa kidevuni kama umeshonewa kibandiko chenye herufi E ndani ya duara na nambari kando yake. Hiyo ni alama ya kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa, na nambari ni ya nchi iliyoipasisha: E3 ni Italia, E4 ni Uholanzi, E11 ni Uingereza. Chini yake kuna nambari ndefu. Ikianza na 06 ni ya kanuni mpya iliyoanza mwaka 2021, nayo hupima pia pigo la upande linalokizungusha kichwa. Ikianza na 05 ni ya kanuni iliyotangulia, nayo si mbaya. Herufi P ina maana inakinga kidevu, J haikikingi, na NP ina kidevu lakini ni pambo tu. Kibandiko cha DOT cha Marekani ni chema kikiwa cha kweli, lakini mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, na yeyote mwenye mashine ya kuchapia aweza kukiiga. Basi tia kidole ndani uligonge povu. Likiwa jembamba kama ukoko wa mkate, au hakuna ila sponji laini, hicho ni chombo cha kumdanganyia askari. Na kofia ngumu za wajenzi, ambazo tumeziona kwa macho yetu barabarani, zimetengenezwa kwa ajili ya tofali linaloangukia utosini; mtu akianguka na pikipiki huruka yeye kwanza, kofia nyuma.

Ivae dukani na ukae nayo dakika kumi. Iwe inabana mashavu bila ya kuumiza paji la uso. Funga utepe, kisha mwambie mwenzio aishike kwa nyuma aivute kwenda mbele. Ikitoka, ni kubwa. Na helmeti isiyofungwa utepe ni sawa na kutovaa, khasa kwa wale wanaoivaa juu ya kofia ya viua na kuifanya ielee.

Rangi nayo ina maana kuliko watu wanavyodhani. Huko Auckland, New Zealand, uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 ulionesha kwamba wapandaji wa helmeti nyeupe walikuwa na khatari pungufu kwa kiasi cha 24 katika mia kuliko wa helmeti nyeusi, na waliovaa nguo za kumeremeta kwa kiasi cha 37. Vijana wetu hupenda nyeusi. Nyeupe haizidi bei, na katika jua la saa nane pia haichomi kama nyeusi. Kizibao cha rangi ya ndimu chenye mikanda inayong'aa taa ikiipiga ni rahisi sana, na kwa anayerudi kituoni baada ya magharibi twakihesabu cha lazima.

Baada ya kichwa ni mikono. Hakuna mwanadamu anayeanguka asitangulize viganja, ni tabia. Na mkulima wa karafuu anakula kwa viganja. Mwanachama wetu mmoja aliteleza msimu uliopita kwa mwendo wa baiskeli, hakuvunjika kitu, lakini viganja vyote viwili vilichunika, na uchumaji ukampita mikono ikiwa imefungwa bandeji. Glovu za pikipiki zina ngozi maradufu kiganjani na mshipi wa kukaza kifundoni zisivuke. Anayekosa hizo aanze na glovu za ngozi za kazi zinazouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Zile za kufuma za pamba hazifai, lami huzimaliza mara moja.

Kisha miguu. Kandambili na makubadhi hutoka mguuni kabla mtu hajafika chini, na ekzosi huchoma ndama ya mguu wazi. Nani katika sisi asiyelijua kovu lile? Huko Canberra, Australia, walichunguzwa wapandaji 212 waliokuwa wamepata ajali, na matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Hata buti ambazo hazikutengenezwa kwa pikipiki zilipunguza majeraha ya nyayo na vifundo kwa kiasi cha nusu kuliko viatu vya kawaida. Buti lolote gumu linalopita kifundo cha mguu litafaa, kamba zake zikitiwa ndani zisishike kanyagio. Buti la mpira la shamba huzuia kuungua, lakini huvuka kwa urahisi. Ni bora kuliko kandambili, basi.

Ama koti na suruali, hapa ndipo mtu anapoweza kuambiwa uongo mwingi. Koti la ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita moja na zaidi, lililoshonwa mishono miwili miwili, huzuia msuguo vizuri, na la namna hiyo hupatikana mitumbani ukilitafuta kwa subira. Lakini ngozi laini ya pambo huchanika mshono mara moja. Jinzi ya kawaida hutoboka katika muda usiofika sekunde moja, na suruali za michezo za nailoni hufanya ubaya zaidi: huyeyuka na kugandana na ngozi ya mwili. Makoti ya pikipiki yenyewe huwa na pedi mabegani na viwikoni, na pedi ya kweli imepigwa chapa EN 1621-1 na nambari 1 au 2, ya pili ikiwa na nguvu zaidi. Nguo yenyewe, tangu kanuni ya Ulaya ya mwaka 2020, hupewa daraja: AAA ni ya juu, AA ni ya kati, na A yamtosha aendaye mjini na kurudi. Isiyo na alama yoyote huenda ikawa njema, lakini usiilipie bei ya yenye alama. Katika uchunguzi wa Canberra zaidi ya robo ya makoti, suruali na glovu za pikipiki ziliharibika katika ajali, nazo ziliuzwa kama nguo za kinga.

Wanachama hutuambia, joto je? Ni kweli, na hatuwezi kumwambia mtu wa Pemba avae ngozi mwezi wa Februari kama aendaye vitani. Yako makoti ya kitambaa cha matundu yenye pedi, na upepo hupita ndani yake pikipiki ikiwa inakwenda. Hayazuii msuguo sawa na ngozi, lakini koti jepesi linalovaliwa kila siku lina faida kuliko la ngozi lililotundikwa ukutani.

Kwa mvua za masika chukua suruali na jaketi la mpira vinavyobana, usichukue koti refu la kupepea. Na hapa twataka kusema juu ya nguo za kupepea kwa jumla, kwani ndizo zinazotutia khofu kuliko zote. Kanzu, ncha ya kanga, mtandio au pindo la baibui likiingia kwenye nyororo au njiti za gurudumu la nyuma, humvuta mtu kwa shingo au kiuno kabla dereva hajajua kuna nini. Mwenye kanzu siku ya Ijumaa aifunge kiunoni juu ya suruali, au aikunje mfukoni aivae msikitini. Mwanamke akipakiwa akusanye baibui lake mbele alikalie, na mtandio autie ndani ya koti. Pikipiki nyingi za India huja na kinga ya chuma ubavuni mwa gurudumu la nyuma, iliyowekwa kwa ajili ya sari. Vijana huifungua wakidai inaharibu sura. Irudishwe.

Ofisi inakusanya majina ya wanaotaka helmeti, ili ziagizwe pamoja kwa bei ya jumla. Apime kichwa kwa utepe wa fundi wa nguo, upana wa kidole kimoja juu ya nyusi, uzunguke nyuma pale palipotokeza zaidi, kisha atuandikie sentimita. Anayempakia mke au mtoto alete vipimo viwili. Ya mtoto haiwezi kuwa ya baba yake iliyojazwa kitambaa.