Siku 36 Ilipoishinda 60

Wanangu, shuleni mmefundishwa kwamba 36 ni ndogo kuliko 60. Desemba 1992 nchini Kenya, 36 ilishinda, na sheria ikakubali. Kaeni vizuri niwasimulie.

Wakenya walikuwa hawajapiga kura ya vyama vingi tangu miaka ya 1960. Ikulu alikuwemo Daniel arap Moi wa chama cha KANU, aliyeshika uongozi mwaka 1978. Waliotaka kumng'oa walianza pamoja katika FORD, kisha wakagombana juu ya nani awe mgombea, wakagawana hata jina la chama: Kenneth Matiba akaondoka na FORD-Asili, Jaramogi Oginga Odinga akabaki na FORD-Kenya. Mwai Kibaki naye alikuwa na chama chake, DP. Katika kila kura 100, Moi alipata kama 36, Matiba 26, Kibaki 19, Odinga 17. Jumlisheni za hao watatu muone zinavyopita 60.

Mbona basi Moi hakuondoka? Kwa sababu sheria haikudai nusu ya kura. Ilitosha mgombea amzidi kila mpinzani, mmoja mmoja, na apate robo ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Sharti hilo la mikoa liliongezwa mwaka uleule. Kwa maneno lilikuwa zuri, maana nani anataka rais wa kijiji kimoja? Lakini lilimfaa zaidi mwenye matawi kila pembe ya nchi, na mwaka 1992 mwenye matawi hayo alikuwa KANU.

Bungeni mambo yalikuwa vilevile. Majimbo hayakulingana kwa idadi ya watu, na KANU ikapata viti 100 kati ya 188. Kisha rais akawa na nafasi ya kuteua wabunge wengine 12. Kwa hiyo rais aliyekataliwa na wapiga kura wengi hakuhitaji kumbembeleza mpinzani yeyote ili kupitisha muswada wa kawaida.

Tuvuke bahari kidogo. Mwaka 1970 Salvador Allende alichaguliwa rais wa Chile kwa asilimia 36 na ushee, karibu sawasawa na Moi. Kwa kuwa hakufikisha nusu, Bunge ndilo lililomthibitisha, na wengi bungeni hawakuwa wa upande wake. Akatawala kwa kuvutana nalo hadi jeshi lilipompindua mwaka 1973. Kura zilikuwa karibu sawa, ila mmoja alikuwa na Bunge mkononi na mwingine hakuwa nalo.

Turudi Kenya. Mwaka 1997 wapinzani walirudia kosa lile, wakatawanyika tena, Moi akashinda kwa asilimia 40 hivi. Mwaka 2002 ndipo walipoungana katika NARC, na Kibaki akapata asilimia 62. Furaha ilikuwa kubwa, lakini mapatano ya kugawana madaraka yalikuwa yao wenyewe, hayakuwa sheria ya nchi. Upande wa Raila Odinga, mshirika wa Kibaki katika NARC, ulisema uliahidiwa uwaziri mkuu, na haukuupata. Mwaka 2005 kambi ya Kibaki na ya Raila zikapingana kwenye kura ya maoni ya katiba, na serikali ikavunjika vipande viwili. Miaka miwili baadaye Kibaki na Raila walishindania kiti kimoja chenye kila kitu. Matokeo yakapingwa, na watu zaidi ya 1,100 wakauawa. Kofi Annan akaja kusuluhisha, ikazaliwa serikali ya nusu mkate, Raila akawa waziri mkuu.

Katiba ya 2010 ikabadilisha masharti. Sasa mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo ya kura katika angalau nusu ya kaunti 47. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili wa juu wanarudi ulingoni kwa duru ya pili.

Tazameni wanasiasa walivyobadilika. Hakuna tena mgombea mkubwa anayethubutu kwenda peke yake, ndoa zinafungwa kabla ya kura. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto, ambao kambi zao zilikuwa pande tofauti mwaka 2007, waligombea kwa tiketi moja. Kesi zao za mauaji yale, katika mahakama ya kimataifa kule Hague, ziliwasogeza, ndiyo, lakini na hesabu ya nusu iliwasukuma. Walishinda kwa asilimia 50.07, kama kura 8,400 tu juu ya mstari. Mwaka 2022 Ruto alishinda kwa asilimia 50.49. Nyakati zote mbili matokeo yalifikishwa Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 mahakama hiyo ilifuta kabisa matokeo ya mwaka huo. Duru ya pili bado haijawahi kupigwa.

Mimi naona sharti la sasa ni bora kuliko la 1992. Hata hivyo lina gharama yake: mgombea huingia ikulu na madeni ya wale waliomletea kura, na madeni hayo hulipwa kwa viti vya uwaziri, ambavyo pengine vingewafaa watu wengine.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na baadhi yenu mtakuwa mmetimiza miaka 18. Muungano ukija kuomba kura zenu, waulizeni wakuu wake wamepatana kugawana nini, na watakeni wayasome mapatano hayo hadharani.