Grifini, Rukhu na Dege: Suala la Istilahi za Viumbe wa Angani katika Mombasa Bara

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza majina ya viumbe wa angani wanaotajwa katika visasili, na tatizo linalozuka pale majina hayo yanapotafutiwa visawe katika Kiswahili. Kiumbe aliyezusha suala hili ni grifini, yaani mnyama mwenye kiwiliwili cha simba na kichwa na mabawa ya tai. Wayunani wa kale walimsimulia kuwa ni mlinzi wa dhahabu katika nchi za mbali za kaskazini, na sanamu za viumbe wa namna yake zilichongwa Mesopotamia na Uajemi kabla ya hapo. Katika zama zetu amefufuliwa na michezo ya kubuni. Mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, ulimworodhesha miongoni mwa viumbe wake; na katika World of Warcraft, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2004, yeye ndiye kipando cha kusafiria angani. Vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaocheza michezo ya aina hii hukutana naye kwa jina la Kiingereza. Je, Kiswahili kimwite nani?

2. Rukhu

Jibu la kwanza linalojitokeza ni rukhu, ndege mkubwa wa hadithi za mabaharia wa Bahari ya Hindi. Marco Polo, ambaye masimulizi yake yaliandikwa mwaka 1298, alieleza kuwa rukhu alipatikana katika visiwa vya kusini ya Madagaska, na kwamba aliweza kumnyanyua ndovu na kumwangusha chini ili amle. Jambo la kuzingatiwa ni kuwa msafiri huyo alimlinganisha rukhu na grifini, kisha akatenga: waliodai kumwona, alisema, hawakumweleza kuwa nusu simba na nusu ndege, bali kuwa mfano wa tai mkubwa mno. Masimulizi hayo yanataja pia unyoya wake uliopelekwa kwa mfalme wa Wamongolia. Baadhi ya wataalamu wa karne ya 19 walikisia kuwa huo ulikuwa ni kuti la mwale.

Hadithi hiyo yaelekea kuwa na chembe ya ukweli. Madagaska ilikuwa na ndege mkubwa asiyeruka, Aepyornis, aliyetoweka takriban miaka 1000 iliyopita, na ambaye wataalamu wa Ulaya walimweleza rasmi mwaka 1851. Yai lake lilifikia urefu wa sentimita 30 hivi. Baharia aliyeliona yai la kiasi hicho hakuwa na haja ya kubuni mengi. Hata hivyo, rukhu ni ndege mtupu. Mchezo ule wa mwaka 1974 wenyewe uliwaorodhesha rukhu na grifini mbalimbali. Kumwita mmoja kwa jina la mwenziwe ni kuwachanganya.

3. Buraki

Buraki anakaribia zaidi kwa umbo, kwani wachoraji wa Uajemi na kwingineko walimpa mabawa na uso wa binadamu. Lakini katika mapokeo ya Kiislamu yeye ni mnyama mweupe, mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko baghala, aliyempanda Mtume usiku wa Miraji. Jina lake lina heshima ya ibada, na halifai kupewa dubwana la mchezo.

4. Dege na Nyuni

Hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Neno ndege limepanuka sana kimaana: ni kiumbe arukaye, ni chombo kinachotua katika uwanja wa Changamwe, na ni fali, njema au mbaya. Likiingizwa katika ngeli ya LI-YA kwa maana ya ukubwa, hupatikana dege. Na kwa uradidi hupatikana degedege, jina la maradhi ya mtoto ya kukakamaa na kutupatupa viungo. Msingi wa jina hilo ni itikadi kuwa mtoto amepatwa na pepo mwenye sura ya ndege.

Itikadi hii inaenea pia kwa Wamijikenda, ambao ni sehemu kubwa ya wakazi wa Kisauni na Likoni. Kwao maradhi hayo huitwa nyuni, neno ambalo katika lahaja za Kiswahili za kaskazini lina maana ya ndege. Huitwa pia nyama wa dzulu, yaani mnyama wa juu. Neno dzulu limehifadhi sauti l iliyodondoka katika Kiswahili juu. Kimaana, istilahi hiyo yaunganisha mnyama na anga, kama afanyavyo grifini.

Lakini mnyama huyu si wa mchezo. Degedege mara nyingi husababishwa na homa kali, hasa ya malaria, na kuchelewa kutibiwa kwaweza kuua. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa wazazi wengi walianza kwa mganga wa jadi kabla ya hospitali, na wengine waliichelea sindano. Kwa hiyo neno hili ni daraja baina ya mzazi na tabibu: tabibu asiyelijua hamfahamu mzazi, na mfasiri anayelitumia ovyo anaongeza utata pale ambapo uwazi ni uhai.

5. Hitimisho

Yatokana na haya kuwa lugha haikupungukiwa na majina. Kila jina lina kazi yake. Inapendekezwa rukhu abaki kuwa ndege wa mabaharia, Buraki abaki katika dini, na dege na nyuni yaachiwe fani ya maradhi na itikadi. Mgeni na aitwe grifini, pamoja na maelezo mafupi, tai-simba, mara anapotajwa kwanza. Kukopa neno si aibu. Aibu ni kumvika mgeni nguo ya mwenyeji anayeihitaji.