Sadaka katika Hekalu la Ezekieli

Sura za Ezekieli 40–48 zaeleza hekalu aliloonyeshwa nabii katika mwaka wa 25 wa uhamisho. Wengi wamfuatao John Nelson Darby (1800–1882) hulitazamia lijengwe Yerusalemu, kipimo kwa kipimo. Twauliza: na sadaka zake je? Biblia ya Scofield (1909) yajibu kwamba zitakuwa ukumbusho wa msalaba tu. Lakini Ezekieli 45:15–17 yazitaja kuwa za kufanya upatanisho, na Waebrania 10:18 yakana toleo jingine lolote kwa ajili ya dhambi. Basi wanaodai kuishika herufi ndio waiachao, tena mahali penye uzito kuliko pote. Sisi twaanzia Yohana 2:21, ambapo hekalu ni mwili wake Kristo; nayo maji ya Ezekieli 47 twayaona yakitoka ubavuni mwake (Yohana 19:34).