Jeni ya ugonjwa wa Rett: utafiti wa Huda Zoghbi

Mtoto wa kike huzaliwa mwenye afya. Huketi, hushika vitu, hutamka maneno yake ya kwanza. Baada ya miezi 6 hadi 18 ukuaji wake husita, na hatimaye yale aliyokwisha kujifunza humtoka. Maneno hupotea, hatua huyumba, na mikono husuguana mfululizo mithili ya mtu afuaye nguo. Hali hii yaitwa ugonjwa wa Rett, nao humpata takriban msichana mmoja katika kila 10.000. Makala haya yaeleza jinsi chanzo chake kilivyogunduliwa na maana ya ugunduzi huo kwa wazazi.

Mwaka 1954, huko Vienna, daktari Andreas Rett aliwaona wasichana wawili chumbani mwa kungojea wakiisugua mikono yao kwa namna moja. Aliyaandika matokeo ya uchunguzi wake mwaka 1966, lakini wachache waliyazingatia. Mwaka 1983 Bengt Hagberg wa Uswidi na wenziwe walichapa habari za wasichana 35 wenye dalili hizo, na ndipo madaktari wa nchi nyingi walipoutambua ugonjwa.

Mwaka huohuo Huda Zoghbi alikuwa akijifunza matibabu ya mishipa ya fahamu ya watoto huko Houston, Marekani. Alizaliwa Beirut, akaanza masomo ya udaktari huko, na vita vya Lebanoni vikamlazimu kuyamalizia ugenini. Alipomwona msichana mwenye dalili za Rett, na muda mfupi baadaye mwingine, aliamini kwamba dalili zinazofanana kiasi hicho lazima ziwe na chanzo kimoja, nacho kimo katika jeni.

Wengi walitilia shaka. Wakati huo jeni ilitafutwa kwa kulinganisha ndugu wenye ugonjwa mmoja, ilhali ugonjwa wa Rett hutokea karibu kila mara kwa mtoto mmoja tu katika ukoo. Kwa kuwa wagonjwa karibu wote ni wa kike, utafiti ulielekezwa kwenye kromosomu X. Familia chache zenye wagonjwa zaidi ya mmoja ziliwezesha kuondoa sehemu moja baada ya nyingine, hadi ikabaki ncha ya kromosomu hiyo. Mwaka 1999, baada ya miaka 16, Ruthie Amir, Zoghbi na wenzao walitangaza kwamba kasoro imo katika jeni iitwayo MECP2.

Kazi ya jeni hiyo yaweza kufafanuliwa kwa mfano wa kitabu. Urithi wa mwanadamu ni kitabu kirefu, na baadhi ya kurasa zake hutiwa alama za kikemia. Protini itokanayo na MECP2 husoma alama hizo na kurekebisha kiasi cha matumizi ya jeni nyingine katika seli za ubongo. Ikipungua, ubongo huharibikiwa. Ikizidi, huharibikiwa vilevile, kama ionekanavyo kwa wavulana wenye nakala mbili za jeni hiyo.

Msichana ana kromosomu X mbili, na katika kila seli moja hunyamazishwa. Hivyo seli zake nyingine hutumia jeni nzima na nyingine jeni yenye kasoro, naye huishi. Mvulana ana X moja tu. Kwa kawaida huugua vikali tangu uchanga, na wengi hufa mapema.

Ugunduzi huu wabatilisha lawama. Mara nyingi kasoro haikurithiwa: huzuka upya, aghalabu katika mbegu ya baba, pasipo tendo lolote la mzazi. Mama aliyeulizwa alikula nini au alimkosea nani alipokuwa mjamzito hana la kujibu, kwani swali lenyewe halina msingi.

Matumaini pia yapo. Mwaka 2007 Adrian Bird na wenziwe, huko Edinburgh, waliirudisha jeni hiyo kazini katika panya waliokwisha ugua, na dalili nyingi zikatoweka. Ilidhihirika kwamba seli za ubongo hazikuwa zimekufa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, iitwayo trofinetide. Yapunguza baadhi ya dalili, lakini haiponyi. Maneno yaliyompotea mtoto bado hayajarudishwa, ila yajulikana sasa mahali pa kuyatafutia.