Saa ya Jikoni, Saa ya Kiwandani

Katika jamii ya Twin Oaks, kaunti ya Louisa, jimbo la Virginia nchini Marekani, anayefanya kazi saa moja kwenye kiwanda cha tofu huandikiwa saa moja. Anayewapikia wenzake chakula cha jioni kwa saa moja naye huandikiwa saa moja. Anayeshinda na watoto, anayepalilia bustani, anayeandika hesabu, wote ni hivyo hivyo. Kila mtu mzima anadaiwa takriban saa 42 kwa wiki. Akizitimiza, nyumba, chakula na matibabu yake ni juu ya jamii, pamoja na posho ndogo ya mwezi. Meneja hapati zaidi, kwani mshahara wenyewe haupo. Kiwanda ni cha wote, na faida ni ya wote.

Tofu ni kazi nzito. Soya huloweshwa mpaka ivimbe, husagwa na maji, huchemshwa, kisha hukamuliwa kama tunavyokamua nazi. Lile tui hutiwa chumvi ya magnesiamu au ya kalsiamu ili ligande, na mgando hukandamizwa mpaka maji yatoke na kubaki kipande cheupe kinachokatika kwa kisu. Wafanyakazi hushinda kwenye joto na mvuke, juu ya sakafu iliyolowa. Ndiyo maana napenda utaratibu wao wa kuchanganya kazi: mtu huingia kiwandani zamu chache, kisha wiki hiyo hiyo akawa bustanini au jikoni. Mgongo unapumzika. Hata machicha yana kazi, maana ng'ombe huyala vizuri.

Utunzaji wa mazingira kwao umo ndani ya maisha ya kila siku. Magari ni machache na ni ya pamoja, nguo ziko kwenye stoo ya pamoja, mboga nyingi hutoka shambani kwao. Na soya ikiliwa na mtu moja kwa moja, bila kupitia kwanza kwenye tumbo la ng'ombe, ardhi inayohitajika ni ndogo zaidi.

Hawa watu hawakuanza na tofu. Walianza mwaka 1967, kikundi kidogo tu, kwenye shamba lililowahi kuwa la tumbaku. Kwa miaka mingi waliishi kwa kusuka bembea za kamba za kulalia, mteja wao mkubwa akiwa kampuni moja ya maduka. Kampuni hiyo ilipoacha kununua, mwaka 2004, tofu ikabeba mzigo. Machi 2024 moto wa nyika uliteketeza ghala na karakana ya bembea.

1967 ni mwaka wa Azimio la Arusha pia, lililotangaza siasa ya ujamaa nchini Tanzania. Mimi nimelelewa katika kijiji cha ujamaa mkoani Singida, kwa hiyo siwezi kusoma habari za Twin Oaks kwa utulivu. Sisi tulikuwa na shamba la pamoja na karani mwenye daftari. Mama aliandikwa siku aliyolima. Siku aliyobaki na watoto wa majirani watano ili mama zao waende shambani, hakuandikwa. Jioni alichoka kuliko wote, na kwenye daftari jina lake halikuwa na kitu.

Tofauti nyingine kubwa naijua: Twin Oaks mtu huingia kwa hiari na hutoka akitaka, wakati Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha wengi bila kuwauliza. Jamii yao nayo ni ndogo, haijawahi kuzidi watu wazima mia moja na kitu. Nchi nzima haiwezi kuendeshwa kwa daftari moja. Lakini kikundi kinaweza.

Leo tuna vikundi vingi vya akina mama vinavyosaga unga wa lishe wenye soya, vinavyokausha maembe, vinavyobangua korosho. Karibu kila kimoja kina mweka hazina na daftari la michango. Wakati wa kugawana mapato, aliyesaga hupata na aliyeuza sokoni hupata. Naomba waongeze safu moja tu kwenye daftari hilo: saa za yule aliyebaki na watoto na yule aliyepika chakula cha mchana, na zihesabiwe kwa bei ile ile ya saa za kinuni.